Unga Vyote, Usikate Kitu

Biharamulo
17 Juni 2024

Mjomba Leonidasi,

Shikamoo. Natumaini umefika salama Kabanga baada ya kumzika Bibi, na kwamba duka lako la mabati limefunguliwa tena. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi kwa sababu ulisema hutaki maneno ya ukoo yapite kwenye simu, watu wasije wakayapiga picha na kuyarusha. Sawa, tuandikiane.

Gervas mpiga kamera ameniletea memori kadi. Kamera yake ina tabia ya kujikatia: ikirekodi muda fulani inafunga faili na kuanza jingine. Kwa hiyo msiba mzima wa Bibi umenifikia vipande vipande, na kazi uliyonipa ni kuviunga viwe filamu moja ya kuonyesha siku ya kumaliza matanga. Kuunga kwenyewe si kazi ngumu. Ninayo programu isiyo na vitufe wala mapambo, ni kioo cheusi tu unachokiandikia amri. Naandika majina ya vipande, kimoja chini ya kingine, kwa mfuatano ninaoutaka, kisha naiamuru iviunge kama vilivyo bila kugusa picha wala sauti. Inamaliza kazi huku chai yangu ikiwa bado ya moto.

Shida ni yaliyomo. Mjomba, nisikufiche, nimechefukwa. Mimi nimelelewa na Bibi pale Murusagamba tangu mama alipofariki. Kitanda chake nakijua, na paa lake nalijua linavyovuja, tulikuwa tunahamisha sufuria kila mvua ikihama. Leo namwona ndani ya jeneza lenye dirisha la kioo, chini ya maturubai ya kukodi, na nyuma yake watu wanagombania maini ya ng'ombe mpaka mmoja anamvua mwenzake kofia. Mwezi wa tatu Bibi huyu huyu alikuwa anaogea majivu kwa kukosa sabuni. Nilisimamisha picha nikatoka nje nikatema mate.

Kuna kipande unalia juu ya jeneza. Katikati ya kilio picha inakatika, naona betri ya Gervas iliisha. Kipande kinachofuata kinaanza na wewe ukimwuliza, "Imewaka?" Anasema imewaka. Basi unavuta koti, unainama, na unaanza kulia tena kutoka mwanzo. Naomba ruhusa nikikate hicho cha pili. Kinatia kinyaa, na sitakuwa peke yangu kukiona hivyo.

Mpwa wako,
Josiane


Kabanga
20 Juni 2024

Kwa Josiane, binti wa marehemu dada yangu Consolatha,

Marahaba. Mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni juu yako uliye mbali. Dhumuni la barua hii ni kuijibu barua yako, ambayo niliisoma nimesimama na nikalazimika kukaa.

Kwanza, lugha. "Kinyaa" si neno la kumwandikia mjomba. Mimi nilifundisha kabla ya kuuza mabati, na mtoto aliyeniandikia hivyo angefyeka uwanja wote wa mpira. Bibi alikulea vizuri, sijui mjini Biharamulo mnakula nini.

Sasa sikiliza agizo langu, na ulisome mara mbili. Usikate. Kwenye harusi ya binti yangu Justina fundi wa video aliikata hotuba yangu yote, akabakiza watu wanalishana keki, na mpaka leo wageni wangu wa kutoka ng'ambo ya mpaka wananiuliza kama nilikuwepo. Ninyi mafundi mna mkono mwepesi wa kukata watu. Mama yangu si wa kukatwakatwa. Kama nimelia mara mbili, nimelia mara mbili, ni mama yangu. Unga vyote, usikate kitu.

Ndani ya bahasha utakuta memori kadi ya simu ya Secilia, mjane wa mdogo wangu Protasi. Jumatatu ya Pasaka nilikwenda Murusagamba kumkabidhi mama blanketi, na nilimwambia Secilia anipige video. Ni blanketi zito, jekundu, lenye picha ya simba, utaliona. Hicho kipande kiweke mwanzo kabisa, na msiba ufuate mara moja. Nataka ukoo uone kwa macho yao kwamba nilimtunza akiwa hai. Mwishoni picha inakuwa giza kwa sababu Secilia hajui kuzima simu, aliilaza tu kitandani. Hilo giza liache, halina ubaya.

Unajua kwa nini nasisitiza. Tarehe 13 Julai, siku ya kumaliza matanga, Mzee Niyibizi na ukoo watamtaja mrithi wa nyumba ya mama na migomba yake. Mimi ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Secilia ni binti wa Luhende, Msukuma wa huko huko kwenu Biharamulo. Mume wake alikufa, mkwe wake amekufa, sasa arudi kwao na mtoto wake. Hatuna ugomvi naye. Ila kuna midomo inasema yeye ndiye aliyemwuguza mama, utafikiri kuuguza ni hati ya kiwanja.

Mjomba wako,
Mwl. Leonidasi (mstaafu)


Biharamulo
25 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Kadi imefika, na agizo nimelisoma mara mbili kama ulivyotaka. Sitakata kitu.

Nimekwama kidogo kwa upande wa kazi. Kipande cha simu na vipande vya kamera havifanani. Upana wa picha ni mwingine, sauti imepangwa kwa namna nyingine. Jana nilijaribu kuviunga vilivyo, na programu ilinikubalia bila kulalamika, lakini nilipoichezesha, picha ya kwanza iliganda kama imepigwa msumari huku sauti ikiendelea na safari yake. Wewe umesimama umeinua blanketi, umeganda, na kwaya ya msibani inaimba tumboni mwako. Kwa hiyo inabidi kwanza nikibadili kipande cha simu kifanane na vya kamera, ndipo niunge. Hiyo ndiyo inayochukua muda. Kompyuta yangu ni mzee, umeme nao unakatika ikiwa imefika katikati, inaanza upya. Hata sijakitazama chote, nimeona ule mwanzo tu.

Lakini mwanzo huo umenilainisha, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimeshakuweka kwenye fungu la watoto wanaokumbuka mzazi akiwa na pamba puani. Nilipoona unalikunjua lile blanketi, na Bibi anapitisha kiganja juu ya simba taratibu, nilirudisha nyuma nikatazama tena. Murusagamba kuna baridi, na Bibi alikuwa mifupa mitupu. Kwa blanketi hilo nalifuta neno lile ulilolikataa.

La Secilia siwezi kulifuta. Mjomba, tangu lini sisi tunamwita mtu mgeni? Babu alivuka mpaka wa Rusumo na mkeka na mbuzi mmoja, hapo Ngara hakuna aliyekuwa anajua jina lake. Watu walimkatia machipukizi ya migomba akapanda. Hiyo migomba unayoitaka ilianza na huruma ya wenyeji kwa mgeni. Huyo Msukuma amemgeuza mama yako kitandani kila siku tangu Protasi alipofariki, amemfulia nguo ambazo wewe na mimi tusingezigusa. Ukisema arudi kwao, mimi nasikia harufu mbaya, na siwezi kukudanganya kwamba ni uvumba.

Josiane


Kabanga
28 Juni 2024

Josiane mwanangu,

Marahaba. Umenifurahisha na umenikera ndani ya karatasi moja, ndivyo alivyokuwa marehemu mama yako.

Nimefurahi kwamba blanketi limekugusa. Nilijua litagusa. Nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile nilipokuwa natoka, nimeshafika mlangoni, nilimsikia mama nyuma yangu anasema maneno kwa sauti ndogo. Sikurudi kuuliza, pikipiki ilikuwa inanisubiri. Lakini mtoto anajua. Nilijua ananibariki, na baraka hiyo natembea nayo mpaka leo.

Kuhusu Secilia, mambo ya ukoo yana wenyewe, na wewe ni mtoto wa binti. Nimemtuma fundi wangu Ferdinand akaipime nyumba. Ukuta wa mbele ukibomolewa, patafaa kuwa stoo ya saruji, wakulima wa kule wanateseka kuifuata huku. Ferdinand anasema alipofika na futi yake Secilia alimkaribisha uji na hakuuliza kitu. Unaona? Hata yeye mwenyewe anajua.

Harakisha. Nimeshamlipa Gervas kwa projekta na spika zake kubwa.

Mjomba wako,
Mwl. Leonidasi


Biharamulo
2 Julai 2024

Mjomba Leonidasi,

Kipande cha simu kimeshabadilika, na kazi yangu ni kukagua maungio, nione kama sauti haijaruka. Kwa hiyo nimekisikiliza chote, pamoja na lile giza. Hasa lile giza.

Mle gizani kuna watu wanaongea. Siwezi kuyaandika wanayosema. Nilipomaliza kusikia nilikwenda kwenye kipande cha jeneza nikalitazama lililotandikwa juu yake, kisha nikakimbilia nje. Safari hii haikuwa mate tu.

Naandika mambo mawili na nakuomba uyachukue kwa uzito. Ndani ya flashi hii nimekuwekea kile kipande peke yake. Jifungie mahali, uwe peke yako, ukisikilize mpaka mwisho kabisa. Halafu uniambie: nikate giza au niliache? Ukisema kata, nitalikata, filamu itatoka kwenye blanketi na kuingia msibani, na mimi mdomo wangu nitaufunga. Ukisema acha, nitaacha. Uamuzi ni wako, lakini sikiliza kwanza.

Josiane


Kabanga
5 Julai 2024

Kwa Josiane,

Hata shikamoo umeacha. Nimeona.

Flashi nimeifungua kwenye kompyuta ya dukani. Spika zake zilikufa zamani, lakini picha nimeiona na ni safi sana, hata masharubu ya simba yanaonekana. Nimerudia mara kadhaa, na Adelfina mke wangu amesema natokea vizuri.

Sasa nimekuelewa. Umeisikia ile sauti ya mama. Umesikia akinibariki, na umeguswa mpaka tumbo likakugeuka, kwa sababu inakuvunjia maneno yako yote kuhusu Secilia. Ndiyo maana unatafuta ruhusa ya kuikata. Hapana. Giza litabaki lilivyo, na siku hiyo nitamwambia Gervas aongeze sauti hapo, kila mtu asikie mama yangu anasema nini.

Na hilo la jeneza, ndiyo, ni blanketi lile lile la simba. Nililitandika juu ya mama mbele ya watu wote, na tukamzika nalo. Wengi walilia. Kama heshima ya namna hiyo inakutapisha, nenda ukapime typhoid.

Unga vyote, usikate kitu. Sitaandika tena jambo hili.

Mwl. Leonidasi


Biharamulo
9 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Filamu hii hapa. Blanketi kwanza, giza, kisha msiba. Kama ulivyoagiza, sijakata kitu wala sijaongeza.

Mimi sitakuja kumaliza matanga. Pombe ya rubisi ya siku hiyo haitanipita kooni.

Josiane


Kabanga
15 Julai 2024

Josiane,

Umenivua nguo mbele ya ukoo. Nimeona wanawake wa jikoni wakinipa visogo. Mzee Niyibizi, aliyenifundisha kuchunga, amenitazama kama amekanyaga kitu njiani. Jana sokoni mtu wa kubadili fedha, ambaye hata si wa huku, aliniuliza kama simba wangu hajambo.

Ulijua. Ulikaa na jambo hilo na bado ukaliunga. Damu yangu!

Na wala sikuiba, andika hilo mahali. Blanketi lilikuwa jipya, Adelfina alikuwa amelinunua kwa fedha yake na hakutaka litoke. Chumba kilikuwa kinavuja, lingelowa, lingeoza. Nilikusudia kulirudisha paa likishatengenezwa. Mvua haikukoma, kazi zikaingiliana, mama akafa. Hiyo nayo ni dhambi ya kuwekewa kwenye spika?

Gervas ana watu wanaomwomba nakala. Nimemzuia kwa muda. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe, kikate kile kipande cha giza. Kikate ukitupe, kisibaki popote, halafu uniletee filamu safi ili nimpe Gervas hiyo. Acha blanketi na acha msiba.

Leonidasi


Murusagamba
16 Julai 2024

Kwako Josiane,

Salaam nyingi. Mimi na Happyness ni wazima, hofu ni kwako. Nisamehe kwa mwandiko, nimezoea jembe. Nakuandikia kwa sababu nimesikia wanakusema vibaya huko Kabanga, nikaona ujue ilivyokuwa.

Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka chungu cha rubisi, kila mmoja na mrija wake, na shemeji Leonidasi alikuwa amekaa karibu na Mzee Niyibizi. Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo yangu, mabeseni na magodoro, nilijua jioni hiyo natajiwa kuondoka.

Ikaanza ile ya Pasaka. Watu wakasema aa, Leonidasi kumbe. Mama mmoja akapiga vigelegele. Halafu ikaja giza, watu wakaanza kusema mashine imeharibika. Shemeji akasimama mwenyewe. Akasema, "Tulieni, tulieni! Mashine ni nzima. Sasa mnamsikia mama yangu akinibariki. Gervas, ongeza." Gervas akaongeza.

Josiane, mimi sikujua kama simu ilikuwa bado inarekodi. Nilishtuka kusikia sauti ya Bibi inatoka kwenye masanduku yale. Unakumbuka tulikuwa tunaongea Kiswahili chetu cha kuokota, yeye Kinyarwanda chake na mimi Kisukuma changu, tukikutana katikati. Kwa hiyo hakuna ambaye hakuelewa.

Bibi akasema, "Secilia, mbona amerikunja tena?"

Nikasikia mimi namjibu, "Anasema hapa litachafuka, Bibi. Anaondoka nalo. Atalileta siku nyingine."

Bibi akasema, "Sasa ile picha irikuwa ya nini?"

Nikasema, "Sijui, Bibi."

Akasema, "Imbeho. Baridi. Sogea hapa mwanangu, tubanane."

Kitanda kikalia. Halafu hapo hapo, hata mtu hajameza mate, likatokea jeneza, na juu yake simba.

Filamu ikaendelea tu. Shemeji akatokea analia. Halafu akauliza imewaka, akalia tena. Hapo Adelfina, mke wake mwenyewe, akafunika uso kwa khanga akaondoka. Mtu nyuma akasema "Ptu!" kwa sauti, na wengine wakafuata. Shemeji alikuwa amesimama tu, mkono bado umeelekea kwenye spika. Nadhani alikuwa hajakaa tangu alipowaambia watulie.

Mzee Niyibizi ndiye aliyeinuka. Aliutoa mrija wa shemeji kwenye chungu, akaulaza chini kwenye vumbi. Wazee wengine walipoona hivyo waliendelea kunywa, na shemeji hakuna aliyemsogezea chungu. Kwetu Usukumani hatuna jambo hilo, lakini nililielewa.

Baadaye wakaniita. Wakasema nyumba na migomba ni yangu na Happyness, na yeyote atakayenisumbua awasumbue wao kwanza. Nilirudi ndani nikafungua mizigo. Sikufurahi kama unavyoweza kufikiri. Nilijisikia vibaya kwa Bibi, kusemeshwa kwa nguvu namna ile mbele ya watu waliokuwa wanatafuna.

Sikuwahi kumwambia mtu habari za blanketi. Wangesema natafuta shamba. Usiku wa Pasaka tulilala watu watatu kwenye kitanda kimoja, yeye katikati, mpaka mvua ikakoma.

Nina ombi. Kwenye filamu yote ile Bibi yumo, lakini kwenye blanketi hasemi kitu, na kwingine ni maiti. Pale anapoongea ni mle gizani tu. Naomba unikatie hicho kipande cha giza, uniwekee kwenye kadi yangu ya simu peke yake. Picha siihitaji. Usiondoe pale anaposema baridi, kwa sababu ndipo anaponiita nisogee.

Wako,
Secilia, Mama Happyness


Biharamulo
22 Julai 2024

Mjomba Leonidasi,

Shikamoo.

Unasema nilijua na nikaunga. Nilijua. Ndiyo maana nilikuandikia ujifungie usikilize, na nikakupa ruhusa ya kunifunga mdomo. Ukaenda kuitazama kwenye kompyuta bubu na mkeo akikusifia. Sijutii. Nilichotaka kukufichia watu wasikijue, wewe ulikiongezea sauti.

Unasema chumba kilikuwa kinavuja. Mjomba, wewe unauza mabati. Kila nikiirudia sentensi hiyo yako napata kichefuchefu kile kile, na nimeirudia sana, kwa hiyo nitaacha.

Ombi lako nimelitimiza. Kile kipande cha giza nimekikata. Programu ile inakata kwa amri moja tu, kama inavyounga. Katika filamu hii iliyomo kwenye bahasha hakimo tena, mpe Gervas, mpe umtakaye. Sikukikata kwa ajili yako. Ni Bibi yuko hai na anaongea, na sioni sababu ya wewe kuwa na sauti yake. Kipo kwa Secilia, kwenye simu yake. Anasema hukisikiliza baridi ikizidi.

Vingine vyote nimeviunga kama ulivyotaka. Kulia kwako sikukugusa, kupo mara zote mbili.

Josiane